Nyota Tano kwa Mgomba Usiokatwa

Nilianza kupima gemu za simu kwa sababu ya hasira. Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa kushona sare za shule katika duka dogo mjini Kisii, ghorofani, juu ya wauza viatu. Tulikuwa wawili: mimi niliyetoka upande wa Nyamira, na mwenzangu aliyetoka kaunti ya ziwani, mwanamke wa rika la dada yangu mkubwa, mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani. Januari hatukuwa na nafasi hata ya kujikuna. Wazazi walitoka Marani, Keroka na kwingineko na watoto wa kupimwa, kila mmoja akitaka sare yake iwe tayari jana. Ikifika Machi kazi ilipungua, na mchana, tukishakula, tuliegemea cherehani zetu tukacheza gemu.

Siku moja nilikuwa nimebakiza hatua moja kumaliza gemu ya kupanga matunda. Nilikuwa nimehangaika nayo wiki nzima. Kidole kikiwa hewani, tangazo likafunika skrini yote, na lilipoondoka nikakuta nimerudishwa mwanzo. Nilipiga ukelele, mteja aliyekuwa akipanda ngazi akasimama.

"Kuna mtu amejidunga sindano?" akauliza.

"Hapana," mwenzangu akamjibu. "Ni maembe yamemkosea."

Mteja alipoondoka nilienda pale gemu zinapopakuliwa, nikaipa ile nyota moja na kuandika: "Gemu ni nzuri lakini matangazo yake hayana adabu. Mtu anakaribia kushinda, tangazo linamrukia usoni kama kuku aliyetishwa. Rekebisheni, nitarudi." Niliandika kwa Kiswahili bila kufikiria. Ndicho tulichozungumza na mwenzangu kutwa nzima, maana yeye hakujua Ekegusii na mimi sikujua lugha ya kwao. Kiingereza changu, nikikasirika, hunikimbia.

Baada ya siku mbili nilikuta watu kadhaa wameyakubali maneno yangu. Mmoja, sijui alikuwa wapi, aliandika neno moja tu chini yake: "Umenisemea." Nililisoma neno hilo kama mara kumi. Nilikuwa nimeshona mamia ya sketi na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo kuhusu sketi.

Basi ikawa mazoea. Tulikuwa na daftari la vipimo vya wateja, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Tukaligeuza na kuanza kuandika gemu kutoka nyuma. Tulikuwa na maswali yetu. Je, inafunguka kwenye simu kuukuu? Mteja akiingia ghafla, unaweza kuiacha na kuirudia bila adhabu? Inacheza bando likiisha? Na hili mwenzangu ndiye aliyelileta: yule aliyeitengeneza anakuheshimu, au anakuona mjinga mwenye kidole?

Mwenzangu alikuwa mkali kuliko mimi. Aliwahi kucheza gemu ya uvuvi kwa dakika tano tu, akaiweka simu mezani kama kitu kinachonuka.

"Sangara mzima anavutwa na ndoano ya ukubwa wa pini?" alisema. "Na anatoka majini akitabasamu? Nataka kuwapa sufuri."

"Sufuri haipo. Ya chini kabisa ni nyota moja."

"Moja ni nyingi mno," alisema, lakini akaibonyeza, huku uso wake ukionyesha maumivu ya kweli.

Mwaka wa pili wa mazoea yetu ikatoka gemu ya shamba iliyotengenezwa na vijana wachache wa Nairobi. Mara ya kwanza kuifungua nilijikuta nimesimama. Kulikuwa na vilima vya kijani, nyumba ya mabati, kuku, ng'ombe wawili, chai upande mmoja na migomba upande mwingine. Kulikuwa na ukungu wa asubuhi! Sikuwa nimewahi kuona gemu inayofanana na kwetu. Nilicheza siku tatu, nikaipa nyota tano, na chini yake nikaandika maneno matamu hadi nikajionea aibu kidogo. Nilisema ni kama mtu ameingia nyumbani kwetu na kamera.

Wiki hiyohiyo mama yangu aliteleza kwenye mteremko wa chai baada ya mvua, akateguka kifundo cha mguu. Hospitalini walimfunga bendeji, wakamkataza kukanyaga shamba kwa wiki sita. Lazima nieleze kidogo jinsi mama yangu alivyo. Ni mwanamke anayeamka kabla ya kuku wake. Siku pekee anayoketi ni Jumamosi, kwa kuwa ni Sabato, na hata hiyo huketi kanisani, mgongo wima. Kumwambia akae barazani wiki sita ilikuwa sawa na kumfunga jela. Nilipoenda kumwona Jumapili, alikuwa kwenye kiti, mguu juu ya stuli, akimfokea wifi yangu aliyekuwa akichuma majani mbali kabisa chini ya bonde.

"Majani mawili na kichipukizi! Mawili! Unachuma kama unang'oa magugu!"

Wifi yangu alipunga mkono kwa upole na kuendelea. Nilimhurumia. Nikatoa simu yangu ya zamani, ambayo kioo chake kilikuwa kimepasuka pembeni, nikaifungua gemu ya shamba na kumwekea mama mapajani.

"Hii ni nini?"

"Ni shamba. Lilime hili, umwachie yule lake."

Alinitazama kama niliyemletea mwanasesere. Lakini nilipomwonyesha jinsi ya kugusa kuku ili atage, alicheka, na nilipotoka jikoni na chai alikuwa ameinamisha kichwa, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo kama afanyavyo akitunga uzi kwenye sindano. Wifi yangu alichuma majani mchana huo kwa amani.

Jumatano, tukiwa kazini, simu yangu ikalia.

"Baba, subiri kidogo," nilisema, kisha nikaendelea kwa Ekegusii. Mama alikuwa anazungumza haraka haraka na kwa ukali. Nilipokata simu mwenzangu alikuwa ameacha kushona.

"Baba yako ana shida?"

"Ni mama. Kwetu mama ndiye huitwa baba."

"Acha uongo."

"Kweli. Na baba ni tata."

Alifikiri kidogo. "Haya. Na huyo baba ambaye ni mama, kwa nini anafoka?"

"Amevuna ndizi mara saba kwenye mgomba mmoja."

Hilo ndilo lililokuwa limemwudhi. Kwenye gemu, mgomba ulikuwa kama mti wa parachichi. Unakata mkungu, unasubiri, mkungu mwingine unatokea palepale, na mwingine, na mwingine. Mama alikuwa amesubiri mgomba ufe na haukufa.

Jumapili iliyofuata nilimkuta akinisubiri. Hakunisalimu vizuri.

"Wewe huwa unazitolea gemu alama, si ndiyo? Hii uliipa ngapi?"

"Tano."

"Tano kati ya ngapi?"

"Tano."

Akageuza shingo. Nyuma ya nyumba, hatua ishirini kutoka pale tulipoketi, palikuwa na migomba ile iliyonisomesha. Nimeikata mwenyewe tangu nikiwa na nguvu za kushika panga. Najua, kama ninavyojua jina langu, kwamba mgomba huzaa mara moja tu, kisha hukatwa ili chipukizi lake lichukue nafasi.

"Na umelelewa hapa," mama akasema.

Nilisikia aibu ambayo sikuwa nimeisikia tangu shule ya msingi. Kwa sababu ni kweli, nilikuwa nimeona. Siku ya pili ya kucheza nilivuna mara mbili kwenye shina moja, moyo ukanisuta kidogo, nikapita. Nilikuwa nimefurahi mno kuona mabati na ukungu, sikutaka kuharibiwa furaha. Mwenzangu alimkatalia sangara dakika ya tano, na mimi nilikuwa nimeuacha mgomba upite.

"Leta simu," nilisema. "Nitafuta nilichoandika. Wewe sema, mimi nitaandika."

Mama alijiweka sawa kitini, akavuta leso mabegani kana kwamba anapigwa picha. Alisoma hadi darasa la saba. Hajawahi kuombwa na mtu yeyote aandikishe maoni yake juu ya jambo lolote. Alianza kusema kwa Ekegusii, nami nikigeuza kwa Kiswahili, tukazunguka hivyo karibu saa nzima. Alianza na mgomba. Akaenda kwenye chai, ambayo kwenye gemu ilikatwa kwa mkasi mkubwa kama ua wa miti wa hoteli. Akauliza ng'ombe anazaaje wakati boma halina fahali na hakuna daktari wa mifugo aliyewahi kuleta mbegu kwa pikipiki yake. Akauliza majirani wako wapi.

"Wiki nzima hakuna mtu aliyekuja kuomba chumvi," alisema. "Andika hivyo. Hilo si boma. Hapo watu wamehama."

Nilikuwa ninacheka, machozi yananitoka, lakini yeye hakuwa anatania. Nilipodhani tumemaliza, akainua kidole.

"Sasa andika mazuri. Huwezi kumsema mtu mabaya tu, atakata tamaa. Kuku wao ni wazuri. Wanakwaruza chini kama kuku. Mtu aliyechora wale kuku amekaa nao."

"Tuwape nyota ngapi?"

"Mgomba umewanyima mbili. Wape tatu."

Nikaandika mwishoni: "Maoni haya ni ya mama yangu, mkulima wa chai na ndizi, Nyamira. Mimi nilikosea mara ya kwanza."

Wale vijana walijibu baada ya siku nne. Msichana mmoja aliandika kwamba ndiye aliyechora kuku, kwamba alilelewa na bibi aliyefuga, na kwamba hakuna aliyewahi kuwataja kuku wake. Kuhusu migomba, alisema, walitazama picha tu. Je, mama anaweza kuwaeleza zaidi? Na akaweka anwani ya kuwaandikia.

Mwenzangu hakupendezwa. "Hao ni matapeli. Kesho watakuomba namba ya siri."

Lakini hawakuomba namba ya siri. Waliomba picha za chipukizi la mgomba. Nikatuma. Wakaomba nyingine. Mama akachoka kupigiwa picha migomba yake na akaniambia niwaandikie maneno haya: kama wanataka kuona mgomba, mgomba haujawahi kukataa mgeni.

Yule msichana akaja. Alikuwa na safari ya Kisumu, akapitia Kisii Jumapili moja asubuhi, akafika kwetu akiwa na daftari la kuchorea, viatu vyeupe na fulana nyeupe. Mama alikuwa ameanza kutembea kwa mkongojo. Alimtazama yule msichana kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Wewe ndiye mwenye kuku," alisema kwa Kiswahili chake.

"Ndiyo, mama. Na mgomba pia ni wangu. Pole sana."

"Hakuna pole. Kuja nikuonyeshe."

Walishuka polepole, mama mbele na mkongojo wake, msichana nyuma, mimi na panga mwisho. Chini ya mgomba mmoja wenye mkungu uliokomaa mama akasimama.

"Tazama. Hii ni mama. Hii ni mtoto. Hii ndogo ni mjukuu. Unaacha tatu tu, zingine unatoa. Mama ikishazaa, inakatwa. Mtoto inakula ile nguvu yake."

Msichana alikuwa anachora upesi. "Kwa hivyo mama lazima akatwe?"

"Lazima. Hata ukimwonea huruma." Hapo mama alinitupia jicho. "Lakini hiyo ni mgomba. Si watu."

Msichana akaomba kuukata mwenyewe. Nilimwonyesha pa kushika, nikamwambia asimame upande huu. Akainua panga, akalishusha kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika, shina likapasuka na utomvu ukamrukia fulana yote, kuanzia kola hadi tumboni. Mkungu niliuwahi mimi kwa bega, nikapepesuka. Yeye alisimama akijitazama.

"Ni maji tu, si ndiyo?" aliuliza. "Itatoka?"

Mama akatikisa kichwa kwa heshima, kama anayetoa habari za msiba. "Hapana. Hiyo utazikwa nayo."

Tulicheka sana pale chini, mama akalazimika kuushika mgomba uliokuwa karibu ili asianguke. Wifi yangu alitoka jikoni kuja kuona ni nini. Mchana tulikula matoke na chinsaga, mboga yetu chungu ambayo mgeni aliila bila kulalamika, na mama akamwongeza mara mbili kwa sababu hiyo. Alipokuwa akiondoka, msichana alimuuliza mama ni jambo gani moja wangelirekebisha kwanza kama wangeweza moja tu. Nilidhani atasema mgomba.

"Majirani," mama akajibu. "Mgomba mtu atajifunza. Lakini asikae peke yake."

Miezi ikapita. Mguu wa mama ulipona, Januari ikaja na sare zake, nami nikashona hadi vidole vikakakamaa. Mwezi wa tatu, mchana mmoja, mwenzangu aliyekuwa akicheza akapiga yowe.

"Kuna mtu mlangoni!"

Nikageuka kutazama ngazi. Hapakuwa na mtu.

"Hapa! Kwenye gemu! Kuna mama amekuja anaomba chumvi!"

Tulikusanya vichwa juu ya simu moja. Gemu ilikuwa imeongezewa mambo usiku uliopita. Kweli, langoni alisimama mwanamke aliyefunga leso, na ukimpa chumvi alirudi siku ya pili na mchicha. Nilikimbilia migomba. Mgomba uliozaa ulianza kunyauka, gemu ikaniuliza kama niukate. Nikaukata, na pembeni yake chipukizi likainuka kidogo na kutikisa majani. Kisha nikamwona mkulima wangu mdogo kwenye skrini. Fulana yake ilikuwa na madoa ya kahawia, kuanzia kola hadi tumboni. Nilimpeleka mtoni nikamwogesha. Madoa hayakutoka.

"Nini inakuliza?" mwenzangu aliuliza.

"Silii. Nacheka."

"Unafanya yote mawili, na kuna mteja."

Kwa kweli alikuwepo, mama mmoja na watoto wawili, wakitutazama kutoka mlangoni. Nilimpima yule mtoto mkubwa urefu wa sketi mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza niliandika kiuno.

Jioni nilimpigia mama. Wifi yangu alikuwa amemfungulia tayari. Nilimsikia akipumua kwa nguvu kama anayepanda mlima, nikajua anacheza.

"Umeona?" niliuliza.

"Nimeona. Huyu jirani ni mzuri. Lakini anapiga hodi mara moja tu anaingia."

"Mama! Tuwape tano sasa?"

 Nikasikia kuku wa gemu, na nyuma yao kuku wa kweli.

"Chai bado wanakata na mkasi," alisema. "Nne."

Nilibishana naye. Nilimwambia watu wametoka Nairobi, wamesikiliza, wamefanya kazi miezi mingi, fulana ya mtu imeharibika. Akasema ndiyo maana ni nne, la sivyo wangebaki na tatu. Akasema mwalimu akimpa mtoto mia kwa mia huku kuna kosa, siku nyingine mtoto hatasoma. Mwishowe tulikubaliana kutokubaliana. Mimi niliandika yangu nikawapa tano, na nikaeleza kwa nini, safari hii nikiwa nimetazama kila pembe. Yeye alimfanya wifi yangu amfungulie akaunti yake mwenyewe, na chini ya maneno yangu yakatokea yake, ya kwanza kabisa kuyaandika bila mimi: "Mgomba sawa. Jirani sawa. Kuku sawa kabisa. Chai bado. Mimi mkulima."

Kufikia Juni maneno hayo mafupi yalikuwa yamekubaliwa na watu wengi kuliko yote niliyowahi kuandika mimi. Watu waliyajibu wakimwita mama, wakimuuliza afanyeje na ng'ombe asiyetoa maziwa, na wengine, naamini, walikuwa wakiuliza juu ya ng'ombe wa kweli. Mama hakuwajibu. Mvua ilikuwa nzuri, majani ya chai yalikuwa yakiota haraka kuliko mikono ya kuyachuma, naye alikuwa amerudi bondeni na kikapu chake mgongoni. Nilipomwuliza kwa nini shamba lake la simuni limejaa magugu, alisema hana muda wa kulima mara mbili, akaniomba nimlishie kuku hadi msimu uishe.

Basi mchana siku hizi, tukishakula, nafungua shamba langu kwanza, halafu la mama. Mwenzangu huniuliza nalipwa nini kwa kazi hiyo, huku yeye mwenyewe akiwa ameinamia simu yake, akimpa chumvi jirani kwa mara ya tatu siku hiyo.